Kadi Hukamilika Mkononi

Nyumbani kwa shangazi yangu hapa Mogitu kuna kabati la vyombo lenye vioo. Ndani yake, kati ya glasi za wageni na birika lisilotumika, imesimamishwa kadi ya saksesi. Wengi wenu mnazijua kadi hizo. Ni zile tulizokuwa tukitumiana kabla ya mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne: nje ua jekundu, au kitabu na kalamu, au jua linachomoza, ndani mistari minne yenye vina, ya Kiswahili au ya Kiingereza, ikikutakia heri. Ya shangazi imeshapauka. Mtoto aliyetumiwa alimaliza shule zamani na sasa ana watoto wake. Lakini kadi haiondoki, na ole wako uiguse wakati wa kufuta vumbi.

Sisi waandishi vijana tuna kawaida ya kuzidharau kadi kama hizo. Tunaziita vitu vya dukani, eti si fasihi. Halafu tukikutana tunalia kwamba mashairi yetu hayasomwi, wachapishaji hawatutaki, diwani hazinunuliwi. Jamani, hebu tuulizane kwa haki: ni diwani ya nani kati yetu iliyowekwa kwenye kabati la vyombo ikakaa miaka yote hiyo?

Naliuliza hili kwa sababu baadhi ya wenzetu wameanza kuchapa mashairi yao kwenye kadi, neno na picha pamoja. Jambo hili nalipongeza. Kadi haihitaji mchapishaji mkubwa. Karatasi ya manila ikikatwa vizuri hutoa kadi kadhaa, na mashine ya steshenari inatosha. Mtu asiye na muda wa kusoma kitabu atasoma kadi. Ila kupongeza si kazi ya mhakiki peke yake. Nimezishika kadi kadhaa za namna hiyo, nazo nyingi, niseme wazi, ni mbovu. Watunzi wake sitawataja, maana shabaha yangu si kumwaibisha mtu, na mimi mwenyewe niliwahi kutengeneza mbili zilizokuwa mbovu kuliko hizo zote.

Tuchukue moja iwe mfano. Ina picha ya Mlima Hanang jua likizama, mbingu rangi ya chungwa. Chini ya picha kuna ubeti wa mistari minne. Mstari wa kwanza unasema mlima ni mrefu, wa pili unasema ni mzuri, wa tatu unasema jua linazama, wa nne unamsifu Muumba. Vina vimekaa mahali pake, mizani imetimia, nane kwa nane. Mwalimu wa ushairi angeipa alama nzuri. Basi kuna kosa gani?

Ndugu msomaji, fanya jaribio hili. Funika picha kwa kiganja usome ubeti. Umepoteza nini? Hujapoteza kitu, kwa kuwa ubeti umekwisha kukuambia kila kilichomo katika picha. Sasa funika ubeti utazame picha. Umepoteza nini tena? Hujapoteza kitu. Hapo una vitu viwili vinavyosema neno lilelile, kama mashahidi wawili waliofundishwa na wakili mmoja. Hakuna kinachomhitaji mwenzake. Kadi ya namna hiyo si shairi la neno na picha. Ni shairi dhaifu lililobandikwa chini ya picha iliyozoeleka.

Jaribio hili la kiganja nililipata kwenye kanga. Kanga ndiyo kazi kubwa kuliko zote za neno na picha zilizochapwa kwa Kiswahili, na sisi tunaipita kila siku sokoni bila kuihesabu kuwa ni somo. Kila mtu anajua ilivyo: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina, yaani yale maandishi, liko kwenye kisanduku chake upande wa chini wa mji. Huuzwa mbili mbili, doti. Ilianza kuvaliwa pwani katika karne ya 19. Mwanzoni haikuwa na maneno. Jina lilikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi za Kirumi. Mombasa walikoiita leso, ukoo wa Kaderdina Hajee Essak walianza biashara yao mwaka 1887, na nembo yao ya Mali ya Abdulla inajulikana mpaka leo. Kwetu Tanzania, kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa mwaka 1968, na kanga zake zilifika hadi huku bara kwenye minada ya ng'ombe.

Sasa itazame kanga kwa jicho la mhakiki. Mjini kuna korosho kubwa nne. Jina linasema: WEMA HAUOZI. Je, korosho inaeleza wema? Haielezi. Wema unaeleza korosho? Nao hauelezi. Mchoraji hakuchora mtu anayempa mwenzake sahani ya chakula ili tuelewe maana ya wema. Ameviweka vitu viwili karibu karibu akaviacha. Kati yake kuna nafasi, na katika nafasi hiyo msomaji huanza kufikiri. Korosho ni tunda linalosafiri mbali, ganda lake gumu, ndani lina utamu. Au korosho ni pambo tu, na neno ndilo linalouma. Mtu ana hiari yake.

Lakini hilo ni nusu tu ya mambo. Kanga hiyohiyo akipewa binti na mama yake siku ya kuolewa, maana yake ni moja. Akiinunua mtu akaivaa makusudi kupita mbele ya mlango wa jirani aliyemkopa fedha na kukataa kulipa, ni maana nyingine kabisa. Hapo wema hauozi umekuwa hati ya mashtaka! Maneno hayajabadilika hata herufi, korosho ni zilezile, rangi ni ileile. Kilichobadilika ni mkono ulioitoa na jicho lililoipokea. Ndiyo kusema kazi ya kiwandani ilikuwa haijakamilika. Ilikamilika ilipotoka dukani ikaingia katika uhusiano wa watu wawili.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu kadi, na mengine yote ni maelezo yake. Shairi la kadi halikamiliki kwenye mashine. Lina sehemu tatu: neno, picha, na mkono unaolitoa. Mtunzi anatengeneza mbili za kwanza. Ya tatu si yake, lakini lazima aiachie nafasi. Anayejaza kila kitu, akafafanua neno kwa picha na picha kwa neno, amefunga mlango, na mtumaji hana pa kuingilia.

Turudi kwenye kabati la shangazi. Siku moja nilimwuliza: "Shangazi, hii kadi inasema nini?" Yeye hajui kusoma. Akajibu bila kusita: "Inasema mtoto anywe chai." Nikashangaa, kwa sababu ile mistari minne iliyochapwa ilikuwa inazungumzia ushindi na nyota na mbio za maisha. Nikaifungua. Chini kabisa, kwa kalamu ya bluu, dada mkubwa wa yule mtahiniwa, aliyekuwa anafanya kibarua mjini, alikuwa ameandika: usiende kwenye mtihani bila kunywa chai. Shangazi alisomewa mara moja tu, siku kadi ilipofika, akashika. Mistari minne ya mshairi wa dukani hakuna aliyeikumbuka. Mstari ulioandikwa kwa mkono ndio uliofanya kadi isitupwe. Na chai, tusisahau, hainywewi bila sukari, na sukari inanunuliwa. Dada alikuwa ametia na noti ndani ya bahasha.

Wapo watakaoniambia: hayo ni mambo ya pwani, kanga na majina yake, sisi huku milimani mila yetu ni tofauti. Nakubali ni tofauti, lakini haipingani na hili. Wairaqw walikuwa na sketi ya ngozi iliyoshonwa shanga, ambayo msichana aliitengeneza mwenyewe alipokuwa katika jando la wanawake lililoitwa marmo. Jando hilo lilikoma zamani, na sketi zilizobaki nyingi zimo katika makumbusho. Haina hata herufi moja. Ni mistari, pembe na miduara ya shanga. Hata hivyo aliyeiona ikivaliwa alijua anaambiwa kitu: kwamba huyu amepita, ametoka ndani, ni mtu mzima. Hapo picha ilibeba yote kwa sababu watu walikuwa wanajuana.

Upande wa neno tuna slufay, yale maombi ya kishairi ya wazee wa Kiiraqw. Mzee anasema mstari, waliokaa wanamwitikia. Hasemi peke yake, na asipoitikiwa hiyo si slufay, ni mzee anazungumza. Kwa hiyo hata huku kwetu, ambako hapakuwa na kiwanda cha kanga wala mashine ya kadi, tulijua kwamba neno zuri huachia nafasi mtu wa pili. Nashangaa tunapoingia kwenye karatasi tunasahau somo hilo, tunajiimbia wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho na kujiitikia.

Zipo pia kadi zinazotufundisha kwa ubaya wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za picha za Unguja, ya A. C. Gomes ikiwa moja ya zilizojulikana sana, zilitoa kadi za posta kwa ajili ya wageni wa melini. Nyingi zilikuwa na picha za wanawake wa Unguja na Mombasa, wengine wamevaa kanga zao vizuri kabisa. Na chini yake kuna maneno machache ya lugha ya kigeni yanayotaja aina ya mtu: mwanamke Mswahili, msichana wa Kiafrika, basi. Jina lake hakuna. Hebu fikiria ukatili wa jambo hili. Mwanamke amevaa kanga, labda kanga yake ina jina, yaani ana neno lake mwilini. Lakini limekunjika kwenye mkunjo wa nguo halisomeki, na neno linalosomeka ni la mtu mwingine aliyelichapa chini ya miguu yake. Kadi ikatiwa stempu ikaenda Ulaya.

Kwa hiyo ninaposema picha na neno vikae pamoja sisemi vikae vyovyote vile. Neno linaweza kuifunga picha kama kamba ya mbuzi. Kila mara tunapoandika chini ya picha ya mama wa Kibarbaig, na vazi lake la ngozi na bangili zake, neno kama "uzuri wa asili" au "utamaduni wetu", tunarudia kazi ya zile studio, ila sasa tunaifanya kwa Kiswahili. Nimeziona kadi za namna hiyo zikiuzwa kwa watalii, na zimetengenezwa na vijana wenzetu.

Nikiwa bado katika hilo la neno na picha, kuna wanaoshikilia kwamba kadi ni mchezo wa watoto, hakuna mshairi mzima aliyeifanya kuwa kazi ya maisha yake. Hao niwapeleke Uskoti kidogo. Kulikuwa na mshairi, Ian Hamilton Finlay, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2006. Mwaka 1961 yeye na Jessie McGuffie walianzisha kichapo chao kidogo, Wild Hawthorn Press, na kwa miaka mingi kilitoa vijitabu na kadi: kadi bapa, kadi za kukunjwa, kadi zinazosimama zenyewe mezani. Yeye alitoa wazo na maneno. Michoro aliwapa wachoraji, kila mmoja kwa kadi iliyomfaa. Kuanzia mwaka 1966 aliishi kwenye shamba la kilimani linaloitwa Stonypath, mbali na mji, akalifanya bustani ya mashairi yaliyochongwa kwenye mawe. Alikuwa na maradhi ya kuogopa kutoka nje, hakusafiri. Kadi zilisafiri badala yake.

Hapo kuna mambo mawili ya kutufaa. Kwanza, mtunzi si lazima ajue kuchora. Tafuta mwenzako anayejua, mgawane jina na lawama. Pili, kukaa mbali na mji si sababu ya kukaa kimya. Mogitu ni njia panda: barabara kuu ya Babati na Singida inapita, na hapa ndipo inapochepuka ile ya kwenda Haydom. Mabasi yanapita kutwa. Mtu wa Stonypath angetuonea wivu.

Finlay alikuwa pia na gazeti lake dogo la ushairi, lililotoka mara 25 kati ya 1962 na 1967, na toleo la mwisho lilikuwa la mashairi ya neno mojamoja. Kila shairi lilikuwa na kichwa na neno moja tu chini yake. Kichwa kilifanya kazi kubwa, kwa sababu katika Kiingereza neno moja peke yake mara nyingi ni jina la kitu, limesimama tu. Hapa, ndugu zangu, ndipo ninapoona sisi tuna mali ambayo hatujaitumia. Katika Kiswahili neno moja ni sentensi nzima. Lina mtenda, lina wakati, lina mtendwa, lina tendo. Huhitaji kichwa kuliwekea miguu. Linatembea lenyewe.

Nitatoa mfano wa kadi moja niliyoipenda, ya kijana mmoja wa huku. Picha ni ya ndala mbili kwenye kizingiti cha mlango. Ameichonga picha yenyewe kwenye kipande cha ndala kuukuu, akakipaka wino, akagandamiza. Wino haukukaa sawasawa, na hilo limeisaidia picha, maana kisigino kinaonekana kimelika. Chini yake kuna neno moja: HAJARUDI.

Fanya tena jaribio la kiganja. Ukifunika neno, unabaki na ndala. Labda mwenyewe yuko ndani analala. Ukifunika picha, hajarudi nani, kutoka wapi? Kila nusu inamlilia mwenzake. Sasa tazama ile -ja-. Angeandika HAKURUDI, ndala zile zingekuwa za marehemu, mambo yamekwisha. Ameandika HAJARUDI, kwa hiyo mlango bado haujafungwa kwa komeo. Silabi moja ndiyo inayotenganisha kusubiri na msiba. Vijana wangapi wa vijiji hivi wamekwenda Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, na mama zao wanaishi ndani ya hiyo silabi moja? Mshairi hakusema lolote kuhusu machimbo wala mama. Hakuhitaji. Mama akipelekewa kadi hiyo atasema yeye. Na mke akimpelekea mume aliyeko Mererani, basi ni barua kali kuliko kurasa sita.

Najua kuna watakaoruka: "Neno moja! Vina viko wapi? Mizani iko wapi?" Ugomvi huu si mpya. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituwekea sheria za kutunga mwaka 1954, na ni kitabu cha kuheshimiwa. Akaja Euphrase Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, wakaja Mulokozi na Kahigi na Malenga wa Bara mwaka 1976, watu wakapigana magazetini na madarasani juu ya mashairi yasiyo na vina, na ushairi wa Kiswahili haukufa. Kule Kenya, Kithaka wa Mberia amejaribu hata mpangilio wa herufi kwenye ukurasa, ili jicho nalo lipate kazi. Sitaki kuufufua ugomvi ule. Nasema tu kwamba kanga haikuwahi kuomba ruhusa kwa upande wowote. Jina la kanga mara nyingine lina vina, mara nyingine halina, na hakuna mwanamke aliyerudisha doti dukani kwa sababu mizani imepungua.

Ila nisieleweke vibaya. Ufupi si ubora. Wapo wanaodhani wakichora moyo mwekundu na kuandika UPENDO wametunga shairi la neno moja. Hilo ni kosa lilelile la ubeti wa mlima, limepunguzwa tu. Moyo unasema upendo, upendo unasema moyo. Afadhali basi ule ubeti, angalau mtu alihesabu mizani.

Na sasa niurudie mlima wenyewe, kwa sababu ndio ulionifanya niandike. Kwa miaka mingi Hanang ilikuwa pambo. Ilichorwa kwenye mabango na kwenye kadi, iko nyuma ya kila picha ya harusi iliyopigwa nje. Una zaidi ya mita 3,400, na sisi tuliozaliwa chini yake tulikuwa hatuutazami tena. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko yalishuka kutoka mlimani, matope, mawe na magogo, yakapita Katesh na Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tangu siku hiyo picha ya Mlima Hanang haina maana iliyokuwa nayo. Mchoro ni uleule, lakini macho yetu yamebadilika. Ile kadi ya jua linalozama, na ubeti wake wa "mlima mzuri", nimeiona ikiuzwa baada ya maafa kama ilivyouzwa kabla. Mtunzi wake hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefunga milango yote, na huzuni ilipokuja haikupata pa kuingilia.

Nilijaribu mwenyewe kutengeneza nyingine. Nilitaka mstari mmoja wa wino, ule umbo la mlima unaoonekana kutoka njia panda, usio na rangi, usio na jua. Chini yake neno moja: TULIKUZOEA. Mizani sita tu. Tu ni sisi, li ni jana, ku ni wewe mlima, na zoea ni lile kosa letu, kama ni kosa. Nilidhani nimepata. Nikamwonyesha mwenzangu mmoja. Akaitazama kwa muda, halafu akauliza: "Utampa nani?"

Swali hilo lilinikalisha chini. Nikimpa jirani niliyechimba naye matope, kadi ni yetu sote wawili, na ile tu- ina haki yake. Nikimpelekea aliyezikwa ndugu zake, mimi ambaye nyumba yangu haikuguswa, ni kujitia katika sisi ambayo sikuilipia. Nikiipanga pamoja na za watalii wanaokuja kupanda mlima, neno lilelile linakuwa mzaha, kama mtu anamsifu ng'ombe mkali kwa kuwa alimzoea. Kadi moja, maana tatu, na moja tu kati ya hizo inafaa. Mpaka leo nimechapa chache mno, na nimezitoa kwa mkono, kwa watu ninaowajua. Sikuziuza.

Ndipo nilipoona kwamba swali la "utampa nani" ndilo linalopaswa kuwa la kwanza katika uhakiki wa mashairi haya, kabla ya fani na maudhui. Katika diwani unaweza kuwaandikia watu wote, yaani hakuna mtu maalumu. Kadi haikubali hivyo. Ina bahasha, na bahasha ina jina. Ndiyo maana salamu nyingi zinazopita kwenye simu siku hizi, picha ya waridi na maneno ya Ijumaa njema yakirushwa kwa watu 200 kwa kidole kimoja, hazikai kabatini. Si kosa la simu. Ni kwamba hakuna mkono uliosimama mahali ukasema: hii ni ya fulani.

Wenzangu mnaotengeneza kadi, nina maombi matatu. Achene picha isiyojua maneno yanasema nini, na maneno yasiyoieleza picha, muone kama vitapatana vyenyewe. Acheni nafasi tupu ya vidole vinne chini ya neno, kwa ajili ya kalamu ya mtumaji. Msiijaze kwa nembo wala namba ya simu ya mchapaji. Na kabla ya kupeleka kazi steshenari, andikeni kwenye karatasi pembeni majina ya watu watatu mtakaowapa. Kama hamna majina matatu, subirini.

Mwenye kadi aliyofanya kwa namna hiyo ailete, tuizungumze katika kurasa hizi. Na asije na kadi tupu. Aje na iliyokwisha kutumwa, yenye mwandiko wa mtu.